Mgongo wa mama wa Matondoni: kisa cha fundi aliyeuza picha asijue ameuza nini

Mfuko wenyewe ulikuwa wa turubai jeupe, wa aina ile wageni wanayotilia taulo na chupa ya maji wakienda Shela. Mwenye nao alikuwa amesimama gatini Amu, yaani mjini Lamu, anangoja boti ya kumvusha Manda kwenye uwanja wa ndege. Kando yake, kwenye ngazi, alikaa mama mmoja wa Matondoni na mikeka yake mitatu iliyokunjwa. Mama akautazama mfuko. Akautazama tena. Kisha akamwita kijana wa punda aliyekuwa akipita.

"Hebu nitazamie, mwanangu. Yule si mimi?"

Alikuwa yeye. Uso haukuonekana, ila mgongo ni wake, na leso imefundikwa begani kama anavyoifundika yeye. Mbele yake ukili, ule ukanda wa majani ya miyaa uliosukwa, unashuka gotini, na ubavuni uko mlango wa nyumba yake, ule ambao mfaa wake, ubao wa katikati, umepasuka tangu baba yake yu hai. Kijana wa punda akacheka, akasema, "Bibi, umekuwa mfuko."

Nimeambiwa niandike kisa hiki bila kumtia mtu aibu, kwa hiyo majina sitataja. Aliyechora picha ile nitamwita Fundi, maana ndivyo anavyoitwa na kila mtu, nami ndiye ninayemwandikia hesabu zake katika daftari tangu nistaafu ualimu. Hoteli itabaki kuwa hoteli.

Fundi alizaliwa Matondoni, magharibi ya kisiwa, mwendo wa kama saa mbili kwa miguu kutoka mjini ukikata mashamba. Kijiji kile kinajulikana kwa vitu viwili: wanaume wanaunda vyombo, wanawake wanasuka. Mtoto wa kiume aliyekulia pale hajui siku aliyoanza kazi. Kwanza anatumwa maji, kisha anashikishwa ncha ya ubao, kisha anaambiwa akoroge deheni, yale mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa ambayo chombo hupakwa chini kisiliwe na wadudu wa baharini. Fundi anasema harufu ya deheni haijamtoka mikononi mpaka leo. Nimemnusa, ni kweli.

Tezo, lile shoka dogo la kuchongea mbao, hakuipenda. Kalafati aliijua, akawa hodari wa kushindilia pamba kwenye nyufa kwa chembeu, lakini alichokipenda ni siku ya mwisho, chombo kikishasuguliwa na makopo ya rangi yakifunguliwa. Nyekundu, buluu, kijani, nyeupe, basi. Rangi za vyombo hazizidi hapo, kwa sababu dukani hazizidi hapo. Kijana huyu akapewa kazi ya kuchora mato, kama tusemavyo Kiamu: yale macho mawili ya omo, mbele ya chombo, moja kila upande, ambayo hata mitepe, vyombo vya kale vilivyoshonwa kwa kamba, ilikuwa nayo. Wazee walimpa kazi ile kwa kuwa mkono wake hautetemeki.

Baadaye alishuka mjini akakaa kwa fundi wa milango. Miaka sita ya patasi. Alijifunza kuchonga miimo na mfaa, alijifunza viti, na alijifunza kwamba mbao nzuri haziji tena kama zamani. Marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 ilipotoka alikuwa na oda mbili za milango na hakuna ubao. Lakini hapo naruka, maana picha zilikuwa zimekwisha kuanza.

Zilianza kwa uvivu, kwa maneno yake mwenyewe. Tanga likizeeka halitupwi. Hukatwa likawa kifuniko cha mashua, kivuli cha ng'ombe, pazia la choo. Msimu mmoja wa masika, vyombo vimepandishwa pwani na mvua haikatiki, alikaa chini ya banda na kipande cha tanga na masalio ya rangi kopo nne. Akachora alichokuwa akikiona: punda wawili wamebeba matumbawe, mtu nyuma yao. Viraka vya tanga akaviacha. Mshono uliopita katikati ya kitambaa akaufanya ndio upeo wa bahari.

Sasa ikumbukwe jambo moja, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinalizunguka. Fundi hachori nyuso. Chuoni, yaani madrasa, aliambiwa, kama sote tulivyoambiwa, kwamba mwenye kuchora kiumbe siku ya kiyama ataambiwa akitie roho. Hakubishana na mwalimu wake na hakuacha kuchora. Alitafuta njia katikati. Watu wake wamegeuka, au wameinama, au wamebeba mzigo unaowafunika kichwa. Mtoto anakunywa maji kwenye ndoo na uso umo ndani ya ndoo. Wapo wanaomwambia hata mgongo ni kiumbe, naye hunyamaza.

Wageni waliona mtindo. Nimewahi kumsikia mama mmoja kutoka Ufaransa akimweleza mwenzake, kwa dakika nyingi, maana ya watu hawa wasio na nyuso: upweke, utandawazi, sijui nini. Fundi alikuwa kando anasugua kiti kwa msasa. Rangi nne, tanga la viraka, na hofu ya Mungu, hivyo ndivyo vilivyomtengenezea jina, na hakuna hata kimoja alichokichagua kwa sababu ya sanaa.

Nikifungua daftari naona jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, wageni wapo na picha zinatoka. Kusi ikiingia, bahari inachafuka, wageni wanapungua, lakini ndipo vyombo vinapandishwa na wenye vyombo wanatafuta mtu wa rangi. Viti na milango vinajaza nyufa za katikati, kama pamba ya kalafati. Kwa hesabu yangu, katika mwaka wa kawaida picha zilimpa chini ya nusu ya pato lake. Ndiyo maana mwaka 2011, wageni walipotekwa Kiwayu na Manda na hoteli zikafungwa, yeye hakufunga. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, mji ukiwa chini ya amri ya kutotembea usiku, alipaka mashua. Mwaka 2020 ndege zikasimama, akapaka mashua tena. Wachoraji niliowajua waliokuwa na picha peke yake, wengi sasa wanaendesha bodaboda.

Ilikuja 2022, na hoteli.

Hoteli ilikuwa inakarabatiwa. Ilitaka picha 24 za maisha ya shamba na kijiji, zote za ukubwa mmoja, kila chumba moja. Bei shilingi 6,000 kila picha, na 60,000 mkononi kwanza. Mazungumzo yalifanyika barazani, kwa chai, na kwa simu ujumbe mmoja mfupi: picha ngapi, kiasi gani, lini. Fundi alifurahi, nami nikafurahi pamoja naye. Sitajifanya sasa kwamba nilitia shaka. Mimi niliyefundisha biashara miaka mingi nilisoma ujumbe ule nikamwambia, "Uko sawa."

Masharti mawili yalikuja baada ya malipo ya kwanza. Turubai liwe jipya, kwa kuwa viraka havikai vizuri ndani ya fremu za vyumba. Na alama yake isiwe mbele. Fundi haandiki jina. Anaweka jicho la chombo, dogo kama ukucha, kwenye pembe ya chini. (Jicho bila uso, hilo chuoni hawakulikataza, anasema.) Hoteli ilisema jicho linasumbua. Wakakubaliana liwe ukingoni kabisa, ambapo fremu italifunika.

Picha 24 kwa miezi mitatu si kazi ya mtu mmoja mwenye mashua tatu zinamngoja. Zile mashua alizikataa. Akamwita mtoto wa dada yake amsaidie kujaza mbingu na mchanga. Na kwa kuwa punda na visima vilimwishia, alirudi Matondoni, akakaa siku mbili chini ya mwembe, akachora alichokiona huko. Mojawapo ni mama anayesuka mbele ya mlango wake. Alimsalimia mama, mama akamwitikia, akampa na dafu. Hakumwambia anachora. Kwa nini amwambie? Tangu utoto wake ameona watu wakisuka pale.

Hoteli ililipa mpaka senti ya mwisho. Hili nalisisitiza kwa sababu mjini hadithi ilibadilika, ikawa hoteli ilimdhulumu. Haikumdhulumu shilingi. Mwaka uliofuata duka la hoteli likaanza kuuza mifuko, shilingi 2,500 mmoja, yenye picha sita kati ya zile 24. Ya mama ndiyo iliyopendwa zaidi. Kiwandani walipunguza kingo ili picha ikae sawa kwenye mfuko, na jicho likaenda na kingo.

Mama alifika nyumbani kwa Fundi siku ya tatu baada ya kuona mfuko. Nilikuwepo. Hakuja na kelele. Alibisha hodi, akauliza hali za watoto mmoja mmoja, akakataa chai mara moja, akaikubali mara ya pili. Leso aliyoivaa ilikuwa na maandishi ambayo kila mtu wa pwani anayajua: usisafirie nyota ya mwenzio. Fundi aliyasoma kabla mama hajakaa. Nilimwona akiyasoma.

"Mwanangu," mama akasema, "nimekuja kuuliza tu. Umeniuza kwa kiasi gani?"

Fundi alisema hakumuuza, alichora picha, na mifuko hata yeye hakuijua. Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mvua. Fundi, kwa kutaka kumaliza, akaingia ndani akatoka na shilingi 1,500, bei ya mkeka mmoja mzuri. Hapo ndipo alipokosea zaidi kuliko pote, na mimi nilikaa kimya.

"Mkeka nauza mwenyewe," mama alisema. "Bei yake naijua. Wewe umeuza mgongo wangu, na huo bei yake hukuniuliza."

Akaziacha pesa mkekani, akamaliza chai yake, akaaga.

Wengi walioisikia habari hii waliona jambo jepesi: hoteli ni mwizi, ishtakiwe. Mimi nilisoma sheria nikakuta si hivyo, na ni afadhali watu wa kazi hii waijue ilivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na haihitaji asajili kitu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu huisikia kwenye semina. Lakini kifungu cha 31 kinasema kazi iliyoagizwa na mtu, hata kama si mwajiri wako, hakimiliki yake inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmepatana vinginevyo. Picha aliyojichorea Fundi kisha akaiuza, mnunuzi kapata turubai tu. Picha iliyoagizwa kwa ujumbe wa simu, bila neno juu ya haki, mwagizaji kapata turubai na kilicho ndani yake. Picha 24 zile ziliagizwa. Mifuko ilikuwa halali yao.

Nilipomweleza, Fundi alikaa muda. Kisha akaniambia kitu ambacho ndicho kiini cha kisa hiki, ingawa yeye alikisema kwa kujitetea. "Mwalimu, mimi nikipaka jahazi, mwenyewe akilipa, simwulizi anakwenda nalo wapi. Akitaka avulie, akitaka abebe mchanga, akitaka alikodishe kwa wazungu watazame jua likituwa. Si langu tena."

Ni kweli, na ni desturi njema kwa jahazi. Jahazi ni moja. Likienda Kizingitini haliko Amu. Fundi aliichukua desturi ya pwani ya Matondoni, iliyomlea na kumlisha, akaingia nayo katika biashara ambayo kitu kimoja kinaweza kuwa mahali elfu siku moja. Simlaumu, ndiyo desturi pekee aliyofundishwa. Lakini siwezi kukubali kwamba hoteli ilimtega. Hakuna aliyefikiria mifuko siku ile ya chai. Ilifikiriwa baadaye, na ilipofikiriwa hapakuwa na karatasi ya kuwazuia.

Watu hunitajia Muhammad Kijuma, kwamba mafundi wa zamani hawakuhitaji mambo haya. Ni kinyume. Kijuma, aliyezaliwa Amu karibu na 1855 na kufa 1945, alikuwa kila kitu: mshairi, mchongaji wa milango, mwandishi wa hati. Aliwanakilia wasomi wa Kizungu tenzi za watu wetu, akalipwa, na nakala zikaenda London zikakaa maktabani huko. Lakini alipomaliza utenzi aliandika mwishoni ni nani aliyeandika. Leo msomi akifungua karatasi zile anakutana na jina lake. Fundi wetu yeye alikubali jicho lake lifunikwe na fremu.

Na jicho hilo ndilo lililotusaidia. Kifungu cha 32 cha sheria ile ile kinasema hata hakimiliki ikishahama, mtunzi anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa ni yeye, na ya kukataa kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Haki hiyo haiuziki angali hai. Basi hatukwenda hotelini kudai pesa za mifuko. Tulikwenda watu watatu, tukakaa, tukasema: mifuko ni yenu, lakini jicho mmelikata. Meneja mpya, kijana wa Mombasa, alisikiliza vizuri kuliko tulivyotarajia. Nadhani aliogopa gazeti. Mifuko iliyofuata ilikuja na kijikaratasi chenye jina la Fundi na kijiji chake, na jicho likarudi pembeni. Pesa hakupata. Alipata oda nne kutoka kwa watu waliosoma kijikaratasi.

La mama halikuwa na kifungu. Nilitafuta. Ipo sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii, lakini hiyo ni ya jamii, na mama hakusema jamii yake imeuzwa. Alisema mgongo wake. Ipo ya 2019 ya kulinda data, inayogusa picha za watu, lakini ungemwambia nini afisa? Kwamba mgongo huu usio na uso ni wa fulani? Kijijini kila mtu anajua ni wa nani. Ofisini ni mgongo tu. Uchaji wa Fundi ulimwokoa yeye chuoni na kumnyima mama ushahidi.

Kwa hiyo lilimalizwa kwa njia ya zamani. Fundi alipanda Matondoni na mjomba wake, mzee ambaye mama hawezi kumfungia mlango. Hawakubeba pesa. Walikaa barazani tangu baada ya alasiri mpaka magharibi, na katika maneno yote yaliyosemwa, mengi yakiwa ya maradhi ya watu na bei ya miyaa, mama alitaja mambo mawili. La kwanza, mlango. Kwa kuwa dunia nzima sasa inauona ule mfaa uliopasuka, auchonge mpya. La pili, akitaka kumchora tena, abishe hodi.

Mfaa ulimchukua wiki mbili. Ubao aliupata kwenye mlango wa kale uliobomolewa mtaa wa Langoni. Alichonga kwa mtindo wa kijijini, nakshi za kukatakata zisizo na maua mengi, na aliponionyesha kabla ya kuupeleka niliona kuwa ndiyo kazi safi kuliko zote alizofanya tangu 2022. Zile 24, niseme ukweli, zilikuwa dhaifu. Turubai jipya lilikuwa laini mno kwake, hapakuwa na mshono wa kumwambia bahari iwe wapi. Mbingu za mpwa wake zote zilikuwa buluu ile ile.

Siku hizi ana karatasi moja, nimemchapia mimi. Ina mistari sita. Picha ngapi, bei gani, lini. Hakimiliki inabaki kwa fundi. Ukitaka kuchapisha, mnazungumza upya. Jicho halikatwi. Wateja wawili walioiona karatasi waliondoka. Mashua amezirudia, na tanga la zamani amelirudia. Turubai jipya lililobaki ameshonea kivuli cha mbuzi.

Mwezi uliopita nilipanda naye Matondoni. Alibisha hodi. Mama akamwambia angoje, akaingia ndani akakaa sana, akatoka amebadili leso na kuleta kazi mpya, ukili wa rangi tatu. Akakaa, akageuka, akampa mgongo. Fundi alichora karibu saa nzima. Mama alipoinuka alikuja kutazama, akainama karibu kabisa na kitambaa, akaweka kidole juu ya mkono aliouchora.

"Ukili haushikwi hivi," alisema. "Hapa utafumuka. Futa."

Akafuta.